Bunga ya ku gare

Kolwezi, siku ya tano

Nimerudi na hasira. Nilipeleka kamyo mbili za bunga ya mahindi na blanketi ku gare ya treni, kwa batu ba Kasai banaofukuzwa mu muji yetu, na nilifikiri batafurahi.

Mama Ngalula, jirani yetu aliyefundisha batoto bangu kusoma, alikaa chini na mizigo yake. Nikamupa mufuko. Akapokea, akashukuru, kisha akasema polepole:

"Tata, siku bale vijana ba mutaa balivunja mulango yetu, nilikuona ku dirisha. Juu ya nini haukusema kitu? Weye banakusikiaka."

Nikamwambia kesho nitaleta bunga ingine.

"Kesho treni itatubeba, Tata."

Tangu nirudi ninagombeza shofere, na yeye hana kosa. Mi niliogopa bangechoma magazini yangu ya biashara, njo maana nilinyamaza.

Bangenisikia.