Doa la Mafuta ya Nazi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Pande tupo, ila magoti yangu yamegoma, na shamba mwaka huu mama yako kalilima peke yake. Mengine tuyaache.

Umeniuliza kama utie dawa kali kwenye lile doa la sofa ya pamba ya mteja wako. Usitie. Jaribu kwanza nyuma, pasipoonekana. Tumia kitambaa chenye unyevu tu na sabuni kidogo, kisha uanike kivulini penye upepo. Pamba ikilowa sana husinyaa, na sufi iliyomo ndani huvunda.

Nilipokuwa msichana nikisafisha viti vya watu Kilwa Masoko, niliitwa kwenye nyumba iliyokuwa na msiba. Viti vilikuwa vimetolewa uani ili watu wakae mikekani, vikajaa vumbi. Mtoto wa marehemu alitaka virudi ndani kama vipya. Kikabaki kimoja, chenye doa la mafuta ya nazi pale kichwa kinapoegemea. Nikalinyunyizia unga wa muhogo ili unyonye mafuta.

Mjane, aliyekuwa kwenye eda, akasema kutoka mlangoni, "Hilo niachie, mwanangu. Hapo ndipo alipokuwa akisinzia mchana."

Nikaupangusa unga, nikakirudisha kiti na doa lake.

Basi muulize kwanza mwenye sofa. Mkono umechoka kuandika. Naenda kuegemea kiti cha marehemu babu yako, ambacho mpaka leo sijakisafisha.

Bibi yako