Kinga Yako Imekwenda Beni

Papa,

Kinga yako, ile baiskeli uliyoipenda, iliondoka jana asubuhi. Mama alisema hakuna haja ya kukuandikia jambo kama hilo, lakini mimi sikulala vizuri. Ulikuwa unaipangusa mwenyewe, hukumruhusu mtu mwingine kuugusa mnyororo wake. Kwa hiyo nakueleza mimi, kwa sababu ni mimi niliyeitoa.

Siku tulipoondoa matanga, familia iligawana vitu vyako. Koti lako la kahawia alilipima Baba mdogo, ndugu yako wa Beni. Mikono ya koti ikamfunika vidole. Watu wakacheka kidogo. Viatu havikumtosha mtu. Ilipobaki kinga, Shangazi akasema, "Hii mwalimu alikuwa anatembea nayo na huyu mutoto. Basi mutoto aseme." Baba mdogo alikuwa ameshaiomba. Aliinamisha kichwa, akaanza kuchuna uzi kwenye kofia yake.

Unajua shamba lake la kakao, kule njia ya Kamango. Miti bado imesimama, lakini hakuna anayethubutu kwenda kuvuna, kwa hofu ya wenye bunduki. Sasa yuko mjini Beni na watoto, katika chumba kimoja, na kila asubuhi anakwenda sokoni kutafuta mtu mwenye mzigo wa kubebwa. Anaubeba kichwani. Mtu mwenye kinga huitwa kwanza.

Nilijua hayo yote, Papa, na bado sikuweza kusema ndiyo. Niliomba kitu kimoja: niuzunguke kwanza ule mzunguko wetu wa Jumamosi. Mama alikataa. Baba mdogo akasema atakwenda nami. Aliazima kinga ya jirani, ile niliyokuwa naendesha mimi, na mimi nikapanda yako. Nilishusha kiti. Samahani.

Kulikuwa na ukungu. Tulitoka Butembo kwa njia ya Musienene kama ulivyopenda, mapema, kabla pikipiki hazijaanza kurusha vumbi. Pale kwenye mikaratusi nilisikia jinsi ulivyokuwa unaniambia, "Kanyanga polepole, mulima hauna haraka." Nikakanyanga polepole. Baba mdogo alikuwa nyuma anahema. Watu walituangalia. Kijana mmoja mwenye gunia la viazi alinipigia kelele, "Weye binti, kinga ya bwana yako, mzigo iko wapi?" Wewe ungemjibu. Ulikuwa na majibu kwa wote. Walikuuliza, "Mwalimu, unabeba nini leo?" nawe unasema, "Minabeba macho," na wanacheka, kwa sababu huku kwetu nani anapanda milima bila mzigo, eti kwa kutazama tu? Mimi nilizidi kukanyanga.

Vilima vilikuwa vilevile. Maharagwe yametoa maua. Moshi ulikuwa unatoka kwenye majani ya paa, na mbali kidogo mtu alikuwa anaimba shambani, simwoni. Ninakuandikia haya ili ujue kwamba vipo.

Baada ya Musienene tulikata kwenye ile njia ndogo, tukashuka. Ule mteremko ulikuwa unauita zawadi yetu. Niliachia breki kidogo, na kwa muda mfupi, Papa, nilisahau. Nilifikiri uko mbele yangu na umekwisha kupita kona.

Chini, kwenye daraja la miti, tulikutana na familia inapanda. Baba amebeba godoro, mama ana sufuria na mtoto mgongoni. Yule mama alitusimamisha. "Muko naenda wapi? Murudi. Kule mbele batu bote balihama."

"Tangu lini?" Baba mdogo akauliza.

"Tangu usiku wa jana. Murudi, baba, na huyu mutoto."

Nilitazama njia ng'ambo ya daraja. Ilikuwa njia tu, na migomba pande mbili. Nusu ya mzunguko wetu iko huko: kile kijiji cha wafyatua matofali, na ile chemchemi ulipokuwa unanawa uso na kusema sasa tumefika karibu na nyumbani. Hatukuwahi kurudi kwa njia tuliyojia. Hata siku ile ya mvua ya mawe, ulikataa.

Tuligeuza.

Sikujua kwamba mteremko ule ni mrefu hivyo ukiupanda. Baba mdogo alishuka, akasukuma. Alimpokea yule baba godoro, akalifunga juu ya kinga kwa kamba ya mpira, akawa anasukuma huku amelishika kwa mkono mmoja. Mimi nilijaribu kubaki juu ya kiti chako. Nilifika nusu, miguu ikakataa, nikashuka nikalia. Baba mdogo alinipita taratibu, kisha akasimama, akasema bila kugeuka, "Yaya yangu, papa yako, alikuwa anapanda milima kama hii kila siku ya posho?"

Nikasema ndiyo, kila Jumamosi.

"Na mimi nilikuwa namucheka."

Tulipofika Musienene Baba mdogo alilifungua godoro, na yule baba akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Nilimtazama Baba mdogo akikunja ile kamba ya mpira. Aliikunja vizuri, kwa utulivu, kama mtu aliyerudishiwa kazi yake. Tangu afike kwetu sikuwa nimemwona amesimama wima namna ile. Hapo ndipo nilipojua kwamba kinga ni yake, ingawa nilimwambia nyumbani tu, mbele ya Shangazi, ili isemwe wazi.

Papa, kinga yako haikuwa na poribagaji ya kufungia mzigo, ulisema ukiitia chuma kile nyuma itageuka kuwa mtumishi. Sasa inacho. Nilikwenda na Baba mdogo kwa mchomeleaji, nikageuza uso cheche zilipoanza kuruka. Kimechomelewa imara. Jana tuliipandisha juu ya lori la Beni, na mimi ndiye niliyepindisha usukani ili isichukue nafasi kubwa. Baba mdogo aliifunika kwa koti lako.

Ukumbini pale ulipokuwa unaiegemeza, ukuta una alama nyeusi. Mama ameanza kupaka chokaa, akaacha.

Nenda salama, Papa. Mimi niko shuleni, mwaka huu ni wa mtihani, nasoma. Na nakuahidi hivi: siku watu wa ng'ambo ya daraja watakaporudi kwao na kuwasha moto, nitakwenda. Kama sitakuwa na kinga nitakwenda kwa miguu. Nitaanzia pale darajani tulipogeuzia, nitapita migomba ile, nitanawa uso kwenye chemchemi, na nitaingia Butembo kwa upande wa pili.

Mwanao,
Kavira