Nusu Saa ya Profesa

Chumba cha Mitambo,
Kiwanda cha Maziwa.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu ndivyo Mama alivyotulea. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Natumaini mmeizoea nyumba mpya, na mgongo wako umepona uchovu wa kubeba makochi. Huku sisi ni wazima wa mwili. Ya moyoni utayasoma, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Simu zangu tano hukupokea, na ujumbe wangu umeujibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole, Kaka. Baba yako anakaribia kumwaga unga, nawe unaniletea kidole. Ndiyo maana naandika kwa mkono, kisha nitaipiga picha barua hii na kukutumia, usije ukasema posta ilichelewa.

Jumatano iliyopita umeme ulikatika asubuhi. Uliporudi nilikupigia kama kawaida, nawe ukanijibu kama kawaida: zimeni kompyuta, washeni, msubiri nusu saa. Kiwanda kizima tunaijua nusu saa hiyo. Wapakiaji wameipa jina, Nusu Saa ya Profesa, Profesa ukiwa wewe, na huitumia kunywa chai. Nami nimo, nilikunywa vikombe viwili.

Nusu saa ikapita. Skrini ikasema tangi la tatu liko nyuzi nne, baridi safi. Kumbe mtambo wa kulipoza haukuwaka umeme uliporudi. Skrini isipopata namba mpya huendelea kuonyesha ya mwisho, na zile nyuzi nne zilikuwa za kabla ya umeme kukatika. Kufika saa tisa mchana, lita elfu sita zilikuwa zimechacha. Nilisimama nikaziona zikimwagwa mferejini, na wenye ng'ombe walioleta maziwa alfajiri walikuwa getini na ndoo zao, wanaangalia.

Baba ndiye msimamizi wa matangi, kwa hiyo barua ya kusimamishwa kazi imemwangukia yeye. Kosa lake limeandikwa kwa mstari mmoja: hakupanda ngazi kusoma kipimajoto cha tangi. Miaka ishirini na tisa yuko hapa, na miaka karibu yote hiyo aliipanda ngazi ile kila saa. Imebaki miezi mitano astaafu. Ijumaa hii saa nne asubuhi anaitwa mbele ya meneja, na akifukuzwa, kiinua mgongo chake kinakwenda na maji.

Sasa niambie, nani alimshusha kwenye ngazi? Nilikuwepo. Siku uliyotufungia hapa kiwandani kompyuta yako ya kusoma matangi, ile ya chuma isiyo na feni, ulimwambia mbele ya wafanyakazi wote, "Baba, shuka, utavunjika mguu bure. Hii inaona kuliko wewe." Watu wakacheka. Yeye alicheka kuwazidi, maana aliyesema ni mwanawe. Tangu siku ile kila mgeni aliyefika kiwandani alipelekwa kwanza kuiona skrini yako.

Basi nikaanza kutafuta ubaya uko wapi. Nilidhani ni waya, nikaubadilisha. Nikadhani ni vile vidubwasha vinavyopima joto, nikavifungua vyote vinne. Nikakaa kwenye kompyuta yenyewe nikayaita matangi, yakaitika yote. Nikajiona kama nimerukwa na akili: matangi yanaitika, skrini haina habari. Siku tatu nzima fundi umeme ananiuliza kama nilisomea ufundi au ushonaji.

Jumapili ndipo akili ikanijia. Ile programu inayosoma joto haikai ndani ya kompyuta hivi hivi. Umeifungia kwenye kontena, kijumba chake peke yake, chenye mlango wake na orodha yake ya njia. Nikaingia humo ndani, nikayaita matangi kutokea humo. Kimya. Nikaifungua orodha ya njia, nikakuta mstari mmoja tu, unaotokea tundu la kushoto, la waya wa ofisini. Matangi yako tundu la kulia. Programu yako maskini ilikuwa inamuuliza karani wa mishahara joto la maziwa.

Nikaiandikia njia ya pili, ya tundu la kulia. Namba zikaja papo hapo, nikajipigia makofi peke yangu. Kisha nikazima na kuwasha, kuhakikisha tu. Njia ikawa imefutika.

Hapo, Kaka, nikafungua kumbukumbu ya amri zote zilizowahi kuandikwa kwenye kompyuta ile. Mstari wangu ule ule, herufi kwa herufi, umo mara thelathini na moja katika miezi kumi na minne. Mara zote umeuandika wewe, ukiwa huko huko kwako, ndani ya nusu saa baada ya kukupigia. Jumatano haumo.

Kumbe ndiyo nusu saa yenyewe. Hakuna mashine iliyokuwa inajipanga. Ni wewe uliyekuwa unaingia kimyakimya kupiga kiraka, halafu unakaa kupokea shukrani. Mstari huo ungeuweka kwenye faili la kuwashia kontena siku ya kwanza, usingefutika tena. Nimeuweka mimi jana. Umenichukua dakika sita. Nimezima na kuwasha mara kumi, na njia bado ipo.

Mara ya kwanza labda ulisahau. Mara ya thelathini na moja si kusahau. Ulipenda tukupigie. Ulipenda kusikia Baba akitamba kwamba hata ukiwa mbali, kiwanda hakiendi bila wewe. Na Jumatano ulikuwa unahamisha makochi, picha nimeziona. Nina hasira nawe, na sitaificha eti barua ipendeze.

Jana jioni nilimweleza Baba yote. Nilidhani atafurahi kupata la kujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimeshatengeneza, nikasema ndiyo. Ndipo akaniambia, "Basi usimtaje mwenzako. Aliyeacha kupanda ngazi ni mimi."

Sikumwahidi. Kumbukumbu ya amri nimeichapa, kurasa tatu, ziko kwenye mkoba wangu. Mlango uliokuwa unaingilia kutoka huko nimeufunga, usihangaike kuujaribu. Una mpaka Alhamisi kumwandikia meneja kwa jina lako mwenyewe, kwamba Baba aliangalia pale ulipomwambia aangalie. Barua yako isipokuwa mezani Ijumaa saa nne, kurasa zangu zitakuwepo, na Baba aninunie mpaka achoke.

Msalimie wifi, yeye hana kosa. Watoto waambie shangazi yao anawapenda. Mama anakusalimu. Hajui lolote, anashangaa tu mumewe kushinda nyumbani siku za kazi na kumnyang'anya ufagio. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupunguzie kiburi kabla ya Ijumaa.

Baba naye anakusalimu. Aliposikia nakuandikia, alinituma nikuambie kwamba yeye ni mzima, kazini ni shwari, na mashine yako inafanya kazi vizuri sana.

Mdogo wako, nikupendaye hata leo,
Kitindamimba.