Macho Yenye Kutoka ku Jua

Kavira, mujukuu wangu,

Sisi ya Butembo tuko, Mungu asifiwe. Mama yako alishuka Beni kuona mutoto ya dada yako. Hatari ya njia, hiyo tuache.

Ulinieleza kazi yako muzuri. Unatia rangi ndani ya jicho ya nyuki, unawasha mwanga, calcium inapanda mule ndani na ile rangi inaangaza. Lakini ule mwanga wa kuangalia nao unashitua jicho, basi unazima, unakaa mu giza peke yako mpaka itulie. Unauliza kama mie nilijuaka kungoja vile.

Kwetu Masereka, jiko ya mama ilikuwa bila dirisha. Mutu mwenye kutoka ku jua alisimama kwanza ku mulango, hapana kusalimia, mpaka macho izoee. Siku nilirudia kutoka masomo ya Lubero, hamu ilinishinda. Niliingia mbio, nikakumbatia gunia ya maharagi nikizani ni mama.

Alicheka sana kule nyuma ya moto. "Rudia ku mulango, mwanangu. Macho yako haiyafika. Mie nilikuona tangu ku kiwanja."

Nikarudia, nikasimama. Polepole akatoka mu giza: kitambaa, mikono, meno yake. Sijaonaka tena mutu muzuri vile.

Leo ni mie nakaa ndani, na kiti nilikigeuza ku mulango. Siku utafika, usikimbie. Simama kidogo. Nitakuwa nimeshakuona.

Koko yako