Bega Langu na Jibu la Adabu

Kabula, mjukuu na mke wangu mdogo,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na karanga tumeshavuna.

Unauliza uwaelezeje wagonjwa walioumia mgodini huko Geita kanuni mpya za malipo ya matibabu. Nilipoteguka bega kazini, kanuni nazo zilikuwa zimebadilika: mwajiri alilipia tiba mpaka daktari aandike umepona, kisha unajilipia.

"Bega linaendeleaje?" daktari aliniuliza.

"Salama tu, daktari," nikajibu kwa adabu. Akaandika nimepona.

Karani wa malipo, Mama Shija, akanitazama. "Wewe kijana, hebu inua hiyo ndoo."

Nikashindwa.

"Sasa rudi ukamwambie hivyo. Salamu umeshamaliza!"

Nilitibiwa mpaka nikashika jembe tena.

Kanuni waeleze, Kabula, ila wagonjwa wako wamelelewa kama mimi. Wataanza kwa kukuambia salama.

Babu yako,
Masanja