Parcelle ya Papa Haiuzishwi

Kyeshero, Goma
Tarehe 16 mwezi wa kumi na moja, 2025

Mpendwa Yaya Fortunat,

Jambo sana! Habari ya Lubumbashi, habari ya kazi, habari ya ule mugongo wako? Shemeji Élodie aliniambia kwa simu ya kwamba siku hizi unalala chini kwa sababu ya maumivu. Pole, yaya, kaka yangu, Mungu akuponyeshe. Na watoto? Bénita ameshazoea masomo mapya? Siye huku tuko, Mungu anatulinda, hakuna mugonjwa nyumbani.

Sasa kaa chini. Umekaa? Tumeshinda! Fiche ya parcelle ya papa, hati ya kile kiwanja alichotuachia, iko hapa mbele yangu, nimeiwekea Biblia juu yake, upepo wa ziwa usiibebe. Habari kama hii haifai simu, njo maana nimeandika na kuituma kwa mukono wa Papa Buhendwa anayesafiri kuja huko.

Unakumbuka vile siye wamama watano wa kikundi tulikopa dola elfu tatu kwa ile cooperative ya mikopo, kusudi tununue samaki wa Vitshumbi kwa wingi. Mimi njo nilitoa fiche ya papa kama garantie, rehani ya deni, na wewe ukakubali kutoka huko. Kila tarehe tano tulikuwa tunalipa dola mia tatu. Tulilipa mara tatu, kisha vita ikaingia mujini, banki zikafunga, na cooperative nayo ikafunga. Miezi saba, mulango na kufuli!

Walipofungua, walituita wakadai ile miezi saba. Sawa, hiyo ni deni yetu, nani anakataa? Lakini wakaongeza penalite ya kuchelewa: dola elfu moja na mia nne, wala hawakubali tulipe deni bila ile penalite. Kuchelewa, yaya! Mutu anafunga mulango wake mwenyewe, kisha anakuhukumu kwa sababu hukuingia!

Njo wakaanza kututumia watu wa kudai madeni. Mukubwa wao, Florent, ana viatu vya kuchongoka na sauti ya mukutano. Alikuwa anangoja saa ya soko, anasimama mbele ya meza yangu ya samaki, anatangaza deni yangu kwa wateja. Siku moja akaniambia, “Mama, dawa ya deni ni kulipa.” Nikamujibu, “Na dawa ya wizi?” Akacheka. Kesho yake akaandika kwa rangi nyekundu kwa ukuta wetu wa barabarani: INAUZISHWA. Mimi sikucheka. Niliingia ndani nikalia.

Ile siku njo nilikutumia audio, na wewe ukanijibu ya kwamba tuuze kabla hawajatuuzia, tugabane feza itakayobaki. Nitasema kweli: nilikukasirikia siku tatu nzima. Niliona kama unamuzika papa mara ya pili. Unisamehe, najua uliogopa tukose vyote.

Lakini sikiliza. Ile miezi saba, kila tarehe tano, siye tulikuwa tunaenda. Mama Nyiransengimana, anayeuza pia makala, makaa ya kupikia, mukubwa wa kikundi chetu, alikataa tukae nyumbani. Tunafika na feza, tunakuta kufuli, na sentinelle wao, mulinzi wa mulango, muzee Mbarushimana, amekaa na registre yake, kitabu cha wageni. Unawajua masentinelle wa maofisi yetu: hakuna kusogea bila kuandika jina, saa, na sababu ya kuja. Nilimugombeza, “Muzee, nyumba imefungwa, unaandikisha wageni wa nani?” Akasema, “Kazi yangu ni registre. Kufungua si kazi yangu.” Basi tunaandika kwa hasira: tumekuja kulipa deni. Tunarudi na feza yetu.

Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha samaki, na ile registre ikanirudia kichwani. Ee Mungu wangu! Niliacha samaki kwa beseni, nikakimbia na magamba kwa mikono mpaka kwa Mama Nyiransengimana.

Siku ya kwanza ya juma tulienda kwa cooperative wote watano, tumevaa kitenge kimoja. Gérant wao, mukubwa wa ofisi, Papa Magloire, akatupokea, Florent kando yake. Tukasema hatukuchelewa. Akauliza, preuve, ushahidi wa kwamba mulikuja, iko wapi? Mama Nyiransengimana akasema, “Iko kwa mulango wenu, papa.” Wakaita muzee. Ungemuona vile aliingia! Kofia chini ya kwapa, registre kifuani kama padri anayebeba Injili. Akasoma polepole. Tarehe tano mwezi wa pili, wamama watano, kulipa deni. Tarehe tano mwezi wa tatu, vile vile. Mara saba, yaya, ndani ya kitabu chao wenyewe! Wale watu wa kudai walipita mbele yake kila siku, hata mumoja hakukifungua.

Florent akasema sentinelle si caissier, hapokei feza. Wee! Mama Nyiransengimana akasimama: “Basi caissier alikuwa wapi?” Njia ya muongo ni fupi.

Penalite wameifuta yote, kwa barua yenye muhuri, mimi nilikataa maneno ya mudomo. Tukahesabu pale pale dola elfu mbili na mia moja, yetu ya halali, bila kuongeza hata franga moja. Tulikuwa hatujaigusa, hata zile siku watoto walikula bugari na chumvi. Nilipopokea fiche na kusoma jina la papa, nikalia tena, mbele ya watu, na sikuona haya.

Nikamwambia gérant: aliyeandika kwa ukuta wetu atafuta. Siku ya ine ya juma lile Florent alikuja na brosi na petroli, akasugua muchana kati, mutaa wote umesimama. Kiti sikumupatia. Maji ya kunywa nilimupatia, papa alitulea hivyo.

Salamu nyingi kwa Shemeji Élodie, kwa Bénita na wadogo zake, na kwa Mama Louise kama bado ni jirani yenu. Bwana awafunike kwa amani, mugongo wako upone, uweze kusafiri.

Neno la mwisho. Fundi Darius alipopaka ukuta upya, aliniuliza nani wa kuandika kama mwenye parcelle. Nimeandikisha: HAIUZISHWI. NI YA FORTUNAT NA JULIENNE, WATOTO WA BAHARANYI. Jina lako limetangulia, kwa sababu wewe ni mukubwa.

Mudogo wako akupendaye bila kinyongo,
Julienne