Hatari Iliyokusudiwa Kuwa Hiari

Duka la Kuchapa na Kutoa Kopi,
Chumba cha Nyuma,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla ya yote nakujulia hali wewe, shemeji na wapwa zangu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kama kuna mwenye mafua basi yawe yale mafua ya zamani, yasiyohitaji tangazo. Huku sote tunapumua wenyewe. Mama magoti yanamsumbua kama kawaida, ila mdomo haujapata kusumbuliwa na kitu. Mimi sijambo, ukiacha dhamiri, ambayo zahanati hawaipimi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ipo, lakini Mama huiweka spika, na Baba hukaa pembeni akijifanya anasoma gazeti. Neno langu halifai spika. Linahusu swali ulilouliza mara tatu ukazungushwa: kwa nini Baba, aliyekuahidi kwa kinywa chake kwamba atachanjwa, alifika mlangoni pa zahanati akarudi.

Kwanza hali ya mtaa. Vizuizi vya ugonjwa vimelegezwa, vikakazwa, vikalegezwa tena, mpaka hatujui leo tuko kwenye kulegezwa kupi. Likaja agizo kwamba yabaki wazi maduka ya lazima tu, na kila mwenye duka akagundua kuwa yeye ni wa lazima. Likaja jingine kwamba watu zaidi ya kumi wasikusanyike ndani ya nyumba moja. Majirani zetu wa ukuta mmoja wako kumi na wawili. Waliitisha kikao kuamua wawili gani watoke, na kikao chenyewe kikawa kosa.

Kinyozi wa kona naye alifungiwa, akahamishia kiti jikoni kwake. Unakumbuka anavyovaa koti jeupe, mtaa mzima ukamwita Daktari? Basi utani ule umetugharimu. Mtu akisema, "Daktari amesema chanjo inakausha damu," nusu ya watu hawaulizi daktari yupi.

Sasa kosa langu. Chanjo ilipofika, mkuu wa ofisi ya mtaa aliniletea tangazo nimchapie. Mwandiko wake unaujua, kama wa mtu aliyeandika huku anakimbizwa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemchapia fundi umeme vibandiko sitini vya HATARI, vya kubandika kwenye nguzo. Vidole vikanogewa. Mkuu akagonga mhuri kopi arobaini huku anaongea na simu, na kufikia saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa unasoma hivi:

"Wananchi wote mnajulishwa kuwa chanjo imefika. Chanjo ni bure. Chanjo ni hatari. Mnahimizwa kujitokeza kwa wingi."

Dada, nilitaka kuandika hiari.

Kinyozi alisoma akakaa chini. "Leo kwa mara ya kwanza wamesema kweli," akasema, "na mimi sikujiandaa!" Wengine waliisifu serikali kwa uwazi. Mama muuza mkaa alisema serikali inayokwambia jambo ni hatari na bado inakualika, hiyo inakuheshimu kama mtu mzima.

Baba alikuwa amevaa lile shati la mikono mifupi, kalipiga pasi mwenyewe, ili muuguzi asihangaike na kukunja. Tangazo lilikuwa limebandikwa pale pale mlangoni pa zahanati. Alilisoma mara mbili, akagusa mhuri kwa kidole, akarudi nyumbani kuvaa sweta. Mama alipomuuliza alijibu neno moja: "Imegongwa." Mtu aliyekaa ukarani miaka thelathini na minne, ukimwambia karatasi yenye mhuri imekosea, ni kama umemwambia jua limechomoza upande wa choo.

Wewe na mimi tunayajua mapafu yake. Daktari, namaanisha wa hospitali, alishamwambia ugonjwa huu ukimshika hautahitaji kurudia. Kwa hiyo nilikimbilia ofisi ya mtaa.

"Mkuu, tangazo lina kosa."

"Nani alilisoma?"

"Hakuna. Mimi nilichapa, wewe uligonga."

"Kugonga si kusoma, kijana. Usinichanganyie kazi."

Akaogopa kubandua lile la kwanza, maana wa juu yake wangeuliza limebanduliwa kwa nini. Akaniamuru nichape lingine, chanjo ni hiari, libandikwe kando ya lile. Nikalisoma mara tisa. Halikusaidia. Kinyozi akatangaza kwamba wa ofisi ya mtaa wamebanwa na wakubwa, wameufyata mkia. Wengine wakaelewa kuwa shehena ya hatari imekwisha na sasa imeingia shehena ya hiari. Mama muuza mkaa akaenda zahanati kuuliza kama imebaki japo kidogo ya ile ya hatari, kwa kuwa ndiyo inayoonekana ina nguvu. Muuguzi, masikini, alifunga dirisha akatulia dakika mbili, kisha akafungua tena.

Na Baba? Alilichunguza tangazo la pili kama mtu anayenunua kiwanja. "Hili halifuti lile," akasema. "Halikulitaja. Kwa hiyo yote mawili yanafanya kazi. Chanjo ni hatari, na mtu ana hiari ya kuifuata hatari yenyewe. Mimi hiari yangu nimeitumia kukaa nyumbani."

Nilinyamaza siku tano, Dada. Sijivunii. Nilijiambia atabadilika mwenyewe, nikajiambia pia kwamba mtaa ukijua nani alichapa, nitabaki natoa kopi za mkono wangu mwenyewe. Jumanne watu wa hospitali wakamchukua fundi saa wa ng'ambo ya barabara, rika la Baba, akiwa amevalishwa mashine ya kupumulia. Mpaka leo yuko huko. Jioni ile Baba alikohoa mara moja tu, kikohozi cha vumbi la mafaili yake, nami sahani ikaniponyoka.

Nikamfuata chumbani. "Baba, ile hatari ni yangu."

"Yako kivipi?"

"Niliichapa mimi. Ilitakiwa iwe hiari."

Alivua miwani. Nilijiandaa kwa kelele, na zingekuwa haki yangu. "Nani alisahihisha?" akauliza.

"Hakuna aliyesahihisha."

"Hakuna?" Alisema kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kisha akavaa miwani. "Niandikie."

Nilidhani ananitania kwa huzuni. La. Alitaka barua ya kujieleza, yenye tarehe na kichwa cha habari. Ya kwanza aliirudisha kwa sababu ya mkato. Ya pili aliirudisha kwa sababu nilisema kosa "lilitokea". "Halikutokea," akasema, "ulilifanya. Likitokea lenyewe nitamsamehe nani?" Ya tatu aliiandikia "Imepokelewa", akatia sahihi, akaiweka ndani ya faili na kulifunga kamba.

Kesho yake alivua sweta, akavaa lile shati. Nilimfuata kwa umbali wa mita moja na zaidi, si kwa ajili ya agizo la kutokaribiana. Mlangoni pa zahanati kulikuwa na watu kama saba, na kinyozi amesimama ng'ambo akiwahubiria. Baba alitoa kalamu nyekundu. Kwenye tangazo la kwanza akakata herufi mbili, akaweka moja juu yake, hatari ikawa hiari. Akatia sahihi pembeni na tarehe.

Kinyozi akawa wa kwanza kuuliza. "Mzee, kwani kosa la nani?"

Mimi, Dada, nikajifanya nasoma tangazo la pili.

Baba akafunika kalamu. "La karani," akasema, akaingia ndani.

Unajua mtaa wetu una karani mmoja tu. Kabla hajatoka walishaamua. Kumbe mzee ndiye aliyeandika! Kumbe ukarani wote ule ndio huu! Alikaa ndani muda mrefu kwa sababu alitaka kwanza asome karatasi iliyokuja na dawa, mbele na nyuma, na muuguzi akamwachia. Alipotoka ameshika pamba begani, kinyozi alimpigia saluti. "Mzee Hatari!" Wote wakaangua kicheko, na katika kile kicheko watu wanne waliingia kwenye foleni. Mmoja alikuwa mke wa kinyozi.

Nilitaka kupaza sauti pale pale. Baba alinipita akaninong'oneza, "Barua yako ipo kwenye faili. Mambo ya faili hayasemwi barabarani."

Kwa hiyo amechanjwa. Mkono ulimuuma siku mbili, akawa analishwa na Mama huku analalamikia chumvi, basi ujue amepona. Dozi ya pili ni baada ya wiki tatu. Ukipiga simu utasikia watoto wa nje wakiita Mzee Hatari, nawe utauliza. Atakwambia ni utani wa mtaani. Mwache aseme hivyo. Anapoitwa huinua mkono ule ule uliochomwa, akaitika, na hajawahi kunitazama wakati anaitika. Nimekuandikia ili katika familia hii awepo mtu mmoja zaidi anayejua jina lile ni la nani.

Nisalimie shemeji, na mwambie barakoa alizotuma, Mama anazichujia chai. Wabusu wapwa zangu, hata yule anayeniita mjomba wa kwenye simu. Mama anasema ule. Mungu awafunike huko mliko, awape pumzi ndefu, na siku njia zikifunguliwa awarudishe mlangoni kwetu mkiwa na hesabu ile ile mliyoondoka nayo.

Mdogo wako akupendaye, hata siku asizopokea simu zako.